Rais Chini ya Wajapani
Kila nikisoma habari za José P. Laurel, nashindwa kumwita msaliti, na nashindwa kumsafisha. Oktoba 1943 alikubali kuwa rais wa Ufilipino iliyokaliwa na Wajapani. Septemba 1944 alitangaza hali ya vita dhidi ya Marekani na Uingereza, lakini hakuwalazimisha vijana wa nchi yake kuingia jeshini. Baada ya vita alishtakiwa kwa uhaini. Msamaha wa Rais Manuel Roxas wa 1948 ukaizima kesi kabla ya hukumu. Mwaka 1951 alichaguliwa seneta kwa kura nyingi kuliko wagombea wote.

Namkumbuka pia jaji mkuu José Abad Santos. Yeye alikataa kushirikiana na Wajapani, wakamuua Mei 1942. Kura zilimrudishia Laurel heshima, hukumu hazikuitoa.