Injini Iliyonunuliwa na Mshindani

Mwanzoni mwa karne ya 21, studio nyingi za michezo ya video zilitegemea RenderWare, zao la Criterion Software, kampuni iliyoanzishwa na Canon nchini Uingereza mwaka 1993. RenderWare ilikuwa injini ya mchezo, yaani programu ya msingi inayochora picha na kuendesha kazi ambazo kila mchezo unazihitaji, ili waandaaji wasilazimike kuziandika upya. Thamani yake ilitokana na ugumu wa PlayStation 2, mashine ambayo prosesa yake kuu iliambatana na vitengo viwili vya hesabu za vekta vilivyotaka kulishwa data kwa mpangilio makini. Studio iliyolipia leseni iliepushwa na sehemu kubwa ya usumbufu huo, na Grand Theft Auto III ya mwaka 2001 ilijengwa juu yake.

Mwaka 2004 Criterion ilinunuliwa na Electronic Arts, mchapishaji mkubwa wa michezo aliyekuwa akishindana na wateja wengi wa injini hiyohiyo. Muuza injini hujua mengi, kwa sababu mteja anayekwama humpelekea hitilafu zake na, pamoja nazo, dalili za mchezo ambao bado haujatangazwa. Ndiyo maana wateja walianza kujitenga. Rockstar, kampuni ya Grand Theft Auto, ilijitengenezea injini ya RAGE, iliyoonekana mara ya kwanza mwaka 2006 katika mchezo wa tenisi ya mezani, ilhali wengine walikimbilia Unreal Engine 3 ya Epic Games, ingawa Epic nayo, ajabu kidogo, ilikuwa ikitengeneza michezo yake yenyewe. Baada ya kampuni ya ZeniMax kuinunua studio ya id Software mwaka 2009, injini yake ya id Tech 5 nayo ilibaki kwa studio za ZeniMax pekee.

Machaguo yalipopungua, studio ndogo nyingi ziliegemea injini ya Unity, ambayo kampuni yake Septemba 2023 ilitangaza tozo ya kila mchezo unaposakinishwa baada ya kuvuka viwango fulani vya mapato na usakinishaji, ikihusisha hata michezo iliyokwisha kuuzwa. Tozo hiyo ilifutwa Septemba 2024, lakini Mega Crit, iliyotengeneza Slay the Spire, ilikuwa imekwisha kuhamishia mchezo wake wa pili kwenye Godot, injini huria yenye asili ya Argentina ambayo msimbo wake haumilikiwi na mfanyabiashara yeyote.