Banyani wa Forodha na Mazrui wa Gasi

Pembe na sandarusi zilizoteremshwa na Wadigo kutoka bara ya Kwale, pande za Mkongani, hadi Gasi na Vanga katika karne ya 19, zililipiwa ushuru wa Sultani wa Unguja. Lakini aliyeikodi forodha yake tangu miaka ya 1830 alikuwa Jairam Shivji, Banyani kutoka Kutch. Alimlipa Sultani wa wakati huo, Sayyid Said, kiasi maalumu kila mwaka, ziada ikawa yake, na juu ya hayo akamkopesha. Kwa nini mtawala Mwislamu akabidhi mfuko wake kwa Mhindu? Jibu linalopendwa ni uvumilivu. Uvumilivu ulikuwepo kweli, ila unaeleza tu kwa nini aliruhusiwa, hauelezi kwa nini alichaguliwa. Tuwatazame Mazrui. Walikuwa Waislamu, Waarabu wa Oman, wakatumwa kuitawala Mombasa. Karne ya 18 wakajifanya watawala wenyewe, na Said hakuwaondoa hadi 1837. Tawi lao lililohamia Gasi likamzaa Mbaruk bin Rashid, aliyewaasi masultani mara kwa mara. Liwali mwenye ukoo na bunduki aliweza kugeuka mfalme. Banyani hakuweza, na hiyo ndiyo iliyokuwa sifa yake kubwa.

Hoja hii ni kongwe. Huko Granada, Hispania, katika karne ya 11, wafalme wa Kiberiberi walimfanya Myahudi Samuel ha-Nagid waziri. Abd Allah, mfalme wa mwisho wa ukoo huo, ameandika wazi katika kumbukumbu zake kwamba babu yake alimwamini kwa kuwa dhimmi, yaani asiye Mwislamu anayeishi chini ya ulinzi wa utawala wa Kiislamu, hawezi kuutamani ufalme. Unyonge huo ulikuwa na bei ya kutisha: mwaka 1066 mwanawe Yusuf aliuawa na umati, pamoja na Wayahudi wengi wa mji.

Atasema mtu kwamba Mabanyani walichaguliwa kwa fedha zao tu. Fedha zilihitajika, sikatai. Lakini mwaka 1876 forodha ilikwenda kwa Taria Topan, Khoja Mwislamu, naye pia hakuwa na askari wala kabila la kumsimamisha kitini. Kilichogeuza mambo ni mkodi mwenye dola nyuma yake. Tarehe 24 Mei 1887 Sultani Barghash aliikabidhi pwani, kuanzia Vanga hadi Kipini, pamoja na forodha zake, kwa kampuni ya Waingereza kwa miaka 50. Haikurudi tena mikononi mwake.