Maktaba za vyuo vikuu na wilaya isiyo na chuo kikuu: Manyoni

Maktaba ya chuo kikuu huanzishwa ili kuhudumia ufundishaji na utafiti wa chuo chake. Hununua na kuazimisha vitabu, hulipia majarida, hufundisha wanafunzi kutafuta maarifa na kuyatumia kwa haki, na tangu miaka ya 2000 huhifadhi na kuweka mtandaoni kazi za chuo chenyewe. Makala hii inaitazama kazi hiyo kutoka Manyoni, mji wa reli mkoani Singida, ambako hakuna chuo kikuu. Aliyeko Mlimani, kwenye Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, huingia maktaba kwa kitambulisho. Aliyeko Manyoni huiona maktaba ileile kwenye kioo cha simu, kwa bando lake mwenyewe, na yeye ndiye anayejua vizuri zaidi ni mlango upi uko wazi na upi umefungwa.

Mji uko kwenye Reli ya Kati, iliyofika Dodoma mwaka 1910 na Tabora mwaka 1912, na hapo ndipo linapochepuka tawi la kwenda Singida. Kwa barabara ni takriban kilomita 120 hadi Dodoma, na karibu hivyohivyo hadi Singida mjini. Vyuo vya uuguzi na afya viko Kilimatinde, palipokuwa na boma la Wajerumani, na Itigi, penye Hospitali ya Mtakatifu Gaspari. Vyuo vikuu vya karibu ni vya Dodoma: Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) na Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana, vyote vya mwaka 2007. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992, kina kituo cha mkoa Singida, na kwa mwalimu wa Manyoni anayejiendeleza bila kuacha kazi, hicho ndicho chuo.

Historia ya maktaba hizi nchini ni fupi. Chuo cha Dar es Salaam kilifunguliwa Oktoba 1961 kikiwa na wanafunzi 14 wa sheria. Maktaba yake ilikua pamoja nacho, ikajijengea mkusanyiko wa Afrika Mashariki na hazina ya miswada ya Kiswahili ambayo watafiti huijia kutoka mbali. Mwaka 2018 lilizinduliwa jengo jipya lililojengwa kwa msaada wa China, lenye nafasi ya wasomaji 2,100 kwa wakati mmoja na vitabu 800,000. Morogoro, maktaba ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) ilipewa kwa sheria ya mwaka 1991 jukumu la kuwa Maktaba ya Taifa ya Kilimo. Jukumu hilo ni la pekee kidogo, kwa kuwa linamfanya mkulima asiye mwanafunzi naye awe msomaji halali. UDOM ilijengwa kwa ndaki, na maktaba zake zimegawanyika hivyohivyo.

Ufundishaji

Kazi kongwe ya maktaba katika ufundishaji ni akiba maalumu. Mhadhiri hutaja kitabu cha kiada, darasa lina wanafunzi mia kadhaa, na nakala zilizopo zinahesabika kwa vidole. Kitabu basi huwekwa nyuma ya kaunta, kikaazimwa kwa saa chache bila kutolewa nje. Anayekipata hukimbia nacho kwenye mashine ya kopi. Stesheneri zilizozunguka kila chuo Tanzania zimeishi kwa saa hizo, na ukitaka kujua kozi inasoma nini kwa kweli, tazama vitini vilivyopangwa kwenye kaunta ya stesheneri kabla ya kutazama orodha ya mhadhiri. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inaruhusu kunakili kiasi fulani kwa ajili ya masomo. Kitabu kizima kilichotiwa pini na kuuzwa ni jambo jingine, na kila mtu analijua.

Kazi mpya zaidi ni kufundisha kutafuta. Mkutubi huonyesha wanafunzi wa mwaka wa kwanza namna ya kutumia katalogi, kutambua jarida la kitaaluma, kutaja chanzo, na baadaye kupitisha tasnifu kwenye programu ya kukagua unakili. Vyuo kadhaa huendesha katalogi zao kwa Koha, programu huria iliyozaliwa New Zealand, ambayo haina ada ya leseni. Faida yake kwa mtu wa Manyoni ni ndogo lakini ni ya kweli: anaweza kujua kabla ya kupanda basi kama kitabu kipo Dodoma. Asichoweza ni kukiazima, maana uanachama wa maktaba ya chuo kwa kawaida huishia kwa wanafunzi na wafanyakazi, na mgeni huruhusiwa kusoma humohumo kwa utaratibu maalumu.

Utafiti na nywila

Majarida ya kimataifa huuzwa kwa vifurushi na bei ni kubwa. Maktaba za vyuo na taasisi za utafiti nchini ziliungana katika shirikisho liitwalo COTUL ili kujadiliana na wachapishaji kwa pamoja. Mlango mwingine ni Research4Life, mpango ulioanza na HINARI ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2002, ukafuatwa na AGORA ya kilimo mwaka 2003, kisha mazingira, ubunifu na sheria. Tanzania imo katika kundi la nchi ambazo taasisi zake hupata machapisho hayo bure.

Neno la kushika hapo ni taasisi. Anayesajiliwa si mtu binafsi. Ni chuo, hospitali, ofisi ya serikali au shirika lisilo la kibiashara. Chuo cha uuguzi kinastahili sawasawa na chuo kikuu, na hospitali ya mji mdogo kama ya taifa. Taasisi ikishasajiliwa hupewa jina la kuingilia na nywila, na mara nyingi mtunzaji wake ni mkutubi mmoja. Akihama bila kumkabidhi mwenzake, maelfu ya majarida hufungwa siku hiyohiyo na hakuna kengele inayolia. Kwa hiyo taasisi inayojiunga hufanya vyema kuikabidhi nywila kwa maandishi, kama inavyokabidhi funguo za stoo.

Mwalimu wa historia, mkulima wa korosho na mstaafu wa reli hawamo katika orodha hiyo. Mfano mmoja unatosha. Kati ya mwaka 1917 na 1920 Ugogo, pamoja na upande wake wa Manyoni, ulikumbwa na njaa iitwayo Mtunya. Majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yalikuwa yamechukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo, kisha mvua ikakata. Mwanahistoria Gregory Maddox aliiandikia makala katika jarida la Journal of African History mwaka 1990, na jina la Mtunya limo katika anwani yenyewe. Miaka 23 kabla yake, Clarke Brooke alikuwa ameandika kuhusu urithi wa njaa katika Tanzania ya kati ndani ya Tanzania Notes and Records. Makala ya kwanza iko kwenye tovuti ya mchapishaji wa Uingereza, yenye lango la malipo. Ya pili huonekana kwa urahisi katika maktaba kubwa zilizohifadhi matoleo ya jarida lile. Hadithi ilitoka vinywani na kwenye mafaili ya Tanzania ya kati, ikasafiri, na njia ya kurudi ina kizuizi.

Hazina za kidijitali

Tamko la Budapest la mwaka 2002 ndilo lililoupa uchapishaji huria maana yake: msomaji yeyote mwenye intaneti asome, apakue, anakili na asambaze makala ya kitaaluma bila kulipa, mradi mwandishi atajwe. Mwaka huohuo ilitolewa DSpace, programu huria ya kuendeshea hazina ya kidijitali, na leseni za Creative Commons zikaanza kutumika. Vyuo vya Tanzania vilijenga hazina zao katika miaka iliyofuata. SUA ina hazina ya machapisho ya chuo, na kando yake ina nyingine iitwayo Mkulima, inayokusanya maandishi ya kilimo na ufugaji kwa wasomaji wasio wanataaluma, mengi yakiwa kwa Kiswahili. Anayefuga kuku Kintinku na kutaka kujua mdondo unazuiwaje anaweza kuanzia hapo.

Njia ya tasnifu hadi mtandaoni ni hii. Mwanafunzi akishatetea kazi yake na kufanya masahihisho, hukabidhi nakala yenye jalada gumu na faili la PDF. Jalada huenda rafuni. Faili hufunguliwa na mkutubi, ambaye hujaza rekodi: mwandishi, anwani, mwaka, ikisiri, maneno ya kutafutia, leseni. Ni kazi ya muda mfupi, na ndani ya muda huo Manyoni huweza kupotea.

Tuseme mtu amefanya utafiti wa visima katika vijiji vya Kintinku na Sanza. Anwani ya tasnifu yake, kwa Kiingereza, inataja nyanda kame za Tanzania ya kati. Ikisiri inataja hivyohivyo. Jina Manyoni linatokea kwa mara ya kwanza katika sura ya tatu, kwenye maelezo ya eneo la utafiti. Ikiwa mkutubi amenakili maneno ya mwandishi bila kufungua sura ya tatu, diwani wa Kintinku atakayeandika jina la kijiji chake au neno "visima" kwenye kisanduku cha kutafutia hataletewa kitu. Tasnifu iko wazi kwa ulimwengu mzima, isipokuwa kwa yule aliyehojiwa ndani yake. Kuongeza jina la wilaya, majina ya vijiji na ikisiri fupi ya Kiswahili hakuhitaji mfadhili wala mtambo mpya.

Majina yenyewe yanataka mtu mwenye subira. Wanyaturu huandikwa pia Waturu na Warimi. Wagogo huwa Gogo, lugha yao Chigogo au Cigogo. Nyaraka za kabla ya mwaka 1963 huiweka Manyoni katika Jimbo la Kati, makao yake yakiwa Dodoma. Baada ya hapo iko Singida. Tafiti za zamani zilizofanyika Itigi husema Manyoni, ilhali tangu Itigi ipate halmashauri yake, takwimu mpya huzitenga. Kompyuta haiyajui hayo mpaka ielezwe, na anayefundishwa kuieleza ni mkutubi, ama katika chuo cha ukutubi cha Bagamoyo ama katika chuo kikuu.

Kuchapisha

Katika uchapishaji huria maktaba imekuwa mshauri na, mara nyingine, mchapishaji. Majarida mengi ya Tanzania, yakiwemo Tanzania Journal of Science ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Huria ya Chuo Kikuu Huria, husomwa kupitia AJOL, jukwaa la majarida ya Afrika lililoanza mwaka 1998 na lenye makao Afrika Kusini. Kwa wanaosoma Kiswahili, Swahili Forum, jarida lililoanzia Ujerumani katika miaka ya 1990, hutoa makala zake bure mtandaoni. Si fahari sana kwamba mara nyingine ni rahisi kusoma taaluma ya Kiswahili iliyochapishwa Ulaya kuliko iliyochapishwa kwetu.

Uhuru wa msomaji una gharama, na swali ni nani anailipa. Majarida mengi makubwa humtoza mwandishi. Nature ilitangaza ada ya yuro 9,500 kwa makala kuanzia mwaka 2021. Wachapishaji wengi husamehe ada kwa nchi maskini kabisa, na hapa Tanzania ilijikuta pabaya kwa habari njema: Julai 2020 Benki ya Dunia iliipandisha hadi uchumi wa kati wa chini, watu wakashangilia, na kwa baadhi ya wachapishaji msamaha kamili ukawa punguzo la nusu. Nusu ya ada ya Ulaya bado ni mishahara ya miezi kadhaa ya mhadhiri.

Katika pengo hilo wameingia matapeli. Barua pepe humfikia mhadhiri kijana ikimsifu kwa jina, ikimwahidi kuchapishwa ndani ya siku chache kwa dola mia moja au mia mbili. Mapitio ya wataalamu hayafanyiki, na makala huishia kwenye tovuti isiyojulikana itadumu hadi lini. Mkutubi anayejua kazi huangalia kama jarida limo katika orodha ya majarida huria ya DOAJ, wahariri wake ni watu halisi, na ada imetajwa wazi kabla ya kutuma. Pia humkumbusha mwandishi kwamba wachapishaji wengi wa kulipia huruhusu toleo lake la mwisho, lile kabla ya kupangwa kurasa, liwekwe kwenye hazina ya chuo, pengine baada ya miezi kadhaa. Njia hiyo haina ada, nayo hutumika kidogo kwa sababu mwandishi huwa ameshalifuta faili lenyewe.

Vitabu vya zamani viko katika hesabu nyingine. Mathias Mnyampala, mzaliwa wa Ugogo, alichapisha Historia, Mila na Desturi za Wagogo wa Tanganyika mwaka 1954. Tafsiri yake ya Kiingereza, kwa juhudi za Maddox huyohuyo, ilitoka Marekani mwaka 1995. Mnyampala alifariki mwaka 1969. Sheria ya mwaka 1999 humlinda mwandishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo, na kwa hesabu hiyo ulinzi wa maandishi yake ya Kiswahili ulikoma mwishoni mwa 2019. Maktaba inayotaka kuyaweka mtandaoni inahitaji nakala isiyochanika, skana, na mtu wa kufungua kurasa moja moja.