Tuseme: Neno la Kiswahili Lililovuka Mipaka

Bila shaka umekwisha kujifunza jinsi kiishio -e kinavyogeuza "tunasema" kuwa "tuseme", yaani wito au pendekezo. Mwaka 1996 neno hilo fupi lilifanywa jina la mradi katika shule za sekondari za Tanzania. Baadaye Jukwaa la Wanawake Waelimishaji wa Afrika, FAWE, lililipeleka katika nchi nyingine. Nchini Rwanda lilikuwa jina la vilabu vya wanafunzi kabla Kiswahili hakijafanywa lugha rasmi huko mwaka 2017.

Chimbuko lake ni la zamani zaidi. Katika miaka ya 1980, wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwemo Penina Mlama, walikwenda vijijini, kama vile Malya mkoani Mwanza na Msoga mkoani Pwani. Hawakubeba tamthilia iliyokwisha andikwa. Walikaa na wenyeji, wakauliza yanayowasumbua, na wenyeji wenyewe wakayageuza kuwa ngoma, nyimbo na maigizo. Mchezo ulipokwisha, mjadala ulianza. Tuseme ilichukua njia hiyo hiyo na kuwapa wasichana: wataje tatizo, watafute kiini chake, waliigize mbele ya wenzao na walimu wao.

Utauliza, haya yanahusianaje na usafirishaji haramu wa binadamu? Mradi haukuanzishwa kwa ajili hiyo. Ulishughulikia unyanyasaji wa kijinsia, mimba za shuleni na kushindwa masomo. Lakini tazama jinsi biashara hiyo inavyofanya kazi. Mara nyingi mnunuzi haji na minyororo. Huja na kitenge cha mama na ahadi ya kumsomesha binti mjini. Pengine ni shangazi. Binti aliyefundishwa kwamba adabu ni kunyamaza atapanda basi bila kuuliza neno.

Sasa fikiria tukio hilo likiigizwa shuleni. Shangazi anaahidi, baba anaitikia kwa kichwa, na msichana anayecheza nafasi ya binti anauliza: Kazi gani? Mshahara atapewa nani? Kitambulisho changu atakaa nacho nani? Nikitaka kurudi, nitampigia nani simu? Watazamaji hucheka kwanza, kisha hunyamaza, kwa kuwa wengi wana shangazi wa namna hiyo. Swali lililokwisha kutamkwa mara moja mbele ya watu ni rahisi kutamkwa tena sebuleni. Kwa maoni yangu, hapo igizo hulishinda bango la ukutani.

Sheria nazo zilifuata: Tanzania mwaka 2008, Uganda mwaka 2009, Kenya mwaka 2010, Rwanda mwaka 2018. Itifaki ya Palermo ya mwaka 2000 inasema kwamba mtu aliye chini ya miaka 18 akisafirishwa ili anyonywe, ridhaa yake haihesabiki, hata kama hakudanganywa wala kutishwa. Jambo hili lastahili kuigizwa pia, maana waathirika wengi hujilaumu kwa kuwa waliitikia ndiyo.

Hata hivyo, jukwaa halilipi ada. Msichana anayeyajua maswali yote huenda bado akapanda basi lile, ikiwa nyumbani hakuna chakula. Na wasichana wenyewe, wanapopewa nafasi ya kusema, mara nyingi huanza na hilo.