Jicho Lilipohitaji Sikio: Historia Fupi ya Macho na Sauti Katika Kutumia Kompyuta

Waswahili husema macho hayana pazia. Jicho hutazama kila kilicho mbele yake, kwa kukusudia au bila kukusudia. Insha hii inaeleza jinsi ukweli huo ulivyowasumbua wataalamu waliotaka mtu aiongoze kompyuta kwa kutazama tu, na jinsi sauti ilivyowasaidia. Hoja yangu ni kwamba sauti haikuwa pambo. Ilimwezesha mtumiaji kujua kwamba mashine imemwelewa.

Kazi ya kufuatilia macho ni ya zamani kuliko kompyuta. Mwishoni mwa karne ya 19, Louis Émile Javal wa Ufaransa alihusika na uchunguzi ulioonyesha kwamba jicho la msomaji haliendi moja kwa moja juu ya mstari, bali huruka na kutua. Baadaye Edmund Huey wa Marekani alitumia kifaa kilichogusa jicho lenyewe ili kurekodi miruko hiyo. Katika hatua hii jicho lilichunguzwa tu, halikuamuru kitu.

Hali ilibadilika miaka ya 1980. Mwaka 1981, Richard Bolt wa MIT alieleza mfumo ulioonyesha picha nyingi za video kwa wakati mmoja, pamoja na sauti zake. Mfumo ulifuata macho ya mtazamaji ili kuchagua sauti ya kusikika. Hapa jicho liliamuru, na sikio likapokea matokeo.

Hata hivyo, jicho lilipopewa kazi ya mkono, tatizo lilijitokeza. Mwaka 1990, Robert Jacob, mtafiti katika maabara ya jeshi la majini la Marekani, alilifananisha na mguso wa Midas, mfalme wa hadithi za Kigiriki ambaye kila alichokigusa kiligeuka dhahabu. Ikiwa kila kinachotazamwa kinahesabiwa kuwa amri, mtu atatazama lini bila kuamuru? Njia mojawapo ilikuwa kumtaka mtumiaji akaze macho kwa muda mfupi kabla amri haijapokelewa. Lakini atajuaje kwamba muda umetimia? Kwenye kibodi, kidole huhisi kitufe kikibonyea. Jicho halihisi chochote. Likiondoka mapema, herufi haiandikwi. Likichelewa, herufi huandikwa mara mbili.

Swali hilo lilichunguzwa na Päivi Majaranta wa Chuo Kikuu cha Tampere nchini Ufini, pamoja na wenzake, katika tafiti walizochapisha mwaka 2003 na 2006. Waligundua kwamba mlio mfupi, ukiambatana na ishara ya kuonekana, humsaidia mtu kuandika vizuri zaidi kwa macho. Herufi inayotamkwa haikufaa vivyo hivyo, kwa sababu mtu huelekea kungoja mpaka aisikie yote.

Kwa kuhitimisha, wanaotegemea zaidi teknolojia hii ni watu ambao maradhi yamewanyang'anya mikono na sauti, yakawaachia macho. Kwao, herufi iliyokosewa ni neno lililochelewa kumfikia daktari au mtoto. Kwa hiyo, sisi wanafunzi wa historia tusiulize tu nani alivumbua chombo na lini. Tuulize pia aliyekitumia alijuaje kwamba amesikika.