Krapf na Kamusi Iliyozaliwa Mvita

Tarehe 8 Juni 1844, mjini Mombasa, Mjerumani mmoja alianza kukifasiri Kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Mjerumani huyo, Johann Ludwig Krapf, alikuwa mchungaji wa miaka 34, na mgeni ambaye hata mwaka hakuwa ameumaliza pwani. Aliyemsaidia alikuwa kadhi wa mji, Mwislamu, ambaye Krapf alimwandika kwa jina la Ali bin Modehin. Kadhi aliyajua maandiko ya dini yake, na alizijua lugha za Kiarabu na Kiswahili. Sura za kwanza za kazi hiyo zilichapishwa Marekani mwaka 1847, katika jarida la wataalamu wa lugha za Mashariki.

Watu wengi wanamkumbuka Krapf kwa sababu ya mlima. Tarehe 3 Desemba 1849, akiwa Kitui, aliuona Mlima Kenya na theluji yake, akaandika habari ambazo wasomi wa London walizikataa kwa miaka mingi. Mlima ungalikuwepo hata asingaliuona. Maneno ya Wamvita, yaani wenyeji wa Mombasa, wa miaka ya 1840 yangalipotea mengi kama asingaliyaandika, na kwangu hiyo ndiyo kazi yake kubwa.

Krapf alizaliwa mwaka 1810 Derendingen, kijiji kilicho karibu na Tübingen, kusini mwa Ujerumani, akasomea umisionari Basel huko Uswisi. Mwaka 1837 alitumwa Ethiopia na shirika la Kianglikana la CMS. Huko moyo wake uliwashika Waoromo, na alipofungiwa mlango wa ufalme wa Shoa mwaka 1842 akaazimia kuwafikia kwa kuzungukia kusini, kupitia pwani yetu. Kiswahili basi hakikuwa lengo lake. Kilikuwa njia tu. Alifika Unguja Januari 1844, akapata barua ya mtawala wake, Seyyid Said, iliyowataka maliwali wa pwani wampokee vyema, akaja kukaa Mombasa.

Wiki tano baada ya kuanza tafsiri ile, tarehe 13 Julai, mkewe Rosine alifariki kwa homa muda mfupi baada ya kujifungua. Mtoto wao wa kike akamfuata baada ya siku chache. Kaburi lao liko ng'ambo ya kisiwa, upande wa Nyali. Krapf mwenyewe alikuwa akiungua kwa homa hiyohiyo. Aliposimama tena alirudi kwenye maneno yake, na sijui mwanaisimu wa leo ambaye angeweza.

Mwaka 1846 alipata mwenzake, Johannes Rebmann, Mjerumani mwingine kutoka Gerlingen. Wakafungua kituo Rabai, kwenye vilima nyuma ya Mombasa, na walipohamia huko mwezi Agosti wote wawili walikuwa wagonjwa. Kutoka hapo Krapf alikusanya maneno ya lugha kadhaa pamoja. Kitabu chake kilichotoka Tübingen mwaka 1850 kiliweka lugha sita bega kwa bega: Kiswahili, Kinika (yaani Kimijikenda), Kikamba, Kipokomo, Kiyao na Kioromo. Mwaka huohuo alitoa pia muhtasari wa sarufi ya Kiswahili.

Yafaa kukumbuka hali ya kazi yenyewe. Hapakuwa na kamusi ya Kiswahili ya kuanzia. Kila neno lilitoka kinywani mwa mtu: nahodha, mpagazi, mzee wa Rabai, kadhi. Mwaka 1851, katika safari yake ya pili ya Ukambani, msafara wake ulivamiwa karibu na mto Tana, na Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa Kikamba aliyekuwa mwenyeji wake, akauawa. Krapf alitangatanga nyikani akiwa amebeba maji ndani ya mtutu wa bunduki. Miaka miwili baadaye afya ilimlazimisha kurudi Ulaya.

Aliondoka na karatasi zake. Mwaka 1854 alipeleka miswada ya tenzi za Kiswahili kwenye chama cha wataalamu wa lugha za Mashariki huko Halle, ukiwamo Utenzi wa Tambuka, ulioandikwa kwa hati za Kiarabu. Hapa ndipo ninapomlaumu. Alijua vizuri kwamba Waswahili walikuwa na maandishi yao na fasihi yao, lakini alishikilia hati za Kirumi, na miongoni mwa sababu alizozitoa ni kwamba hati za Kiarabu zingeufungulia Uislamu njia ya kwenda bara. Mtu aliyesaidiwa na kadhi katika tafsiri yake ya kwanza ya Kiswahili hakupaswa kuandika hivyo.

Rebmann alibaki Rabai bila kurudi kwao hadi 1875, na mwishowe macho yakamwishia. Naye alikuwa mtu wa kamusi. Maneno ya Kinyasa aliyakusanya kwa Salimini, mtumwa aliyetekwa karibu na Ziwa Nyasa na kuletwa Mombasa. Rebmann alifariki mwaka 1876, na Krapf akaihariri kamusi yake ya Kinyasa, ikatoka mwaka 1877.

Kamusi kubwa ya Kiswahili yenyewe ilitoka London mwaka 1882. Krapf hakuishika ikiwa kitabu: alifariki Korntal, karibu na Stuttgart, Novemba 1881, miaka 37 tangu siku ile alipoanza kazi na kadhi. Kamusi hiyo ina kurasa zaidi ya 400, na msingi wake ni Kimvita, lahaja ya Mombasa. Krapf aliamini kwamba Kiswahili safi kilikuwa cha Mombasa, Lamu na Pate, wala si cha Unguja. Tahajia yake inasumbua, na mpangilio wake unamchosha msomaji. Lakini fasili zake hazina haraka. Anaeleza kitu kinavyotumika, anatoa sentensi nzima za mfano, analinganisha na Kinika, anaingiza desturi.

Historia ilichukua mkondo mwingine. Askofu Edward Steere, aliyefanya kazi Unguja, alitoa kitabu chake cha lugha mwaka 1870, na mkutano wa mwaka 1928 uliokichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu ulifanyika, kati ya miji yote, Mombasa. Harry Binns, mmisionari, alikuwa ameipanga upya kamusi ya Krapf mwaka 1925, lakini wakati ulikuwa umeipita.

Mwanafunzi wa Kenya anayekutana leo na neno la Kimvita katika shairi la Muyaka, mshairi wa Mombasa, hulitafuta katika kamusi sanifu, na mara nyingi halioni. Krapf alifika Mombasa miaka michache tu baada ya Muyaka kufariki, akayaandika maneno ya watu waliomsikia mshairi huyo kwa masikio yao. Kamusi ile yapaswa kuchapishwa upya Afrika Mashariki, kwa tahajia ya leo, ikihaririwa na wajuzi wa Kimvita wakati wangali hai, na jina la Ali bin Modehin liwekwe katika ukurasa wa kwanza pamoja na la Krapf.