Dripu na Mwili Mzima wa Mtoto: Nani Alilipia Tujue?

Leo tunazungumza historia, lakini ni historia inayomhusu huyo mtoto uliyembeba mgongoni.

Mtaa wetu unajulikana kwa mbuzi. Ukipita sokoni unaona maini huku, figo kule, matumbo kwenye karai. Kila kiungo unakiona vizuri. Lakini mbuzi aliyekatwa vipande hawezi kukuonyesha jinsi moyo wake ulivyosukuma damu hadi kwenye figo, wala jinsi mapafu na ubongo vilivyotegemeana. Hayo utayajua kwa kuchunguza mwili ulio hai, viungo vyote vikifanya kazi pamoja. Uchunguzi wa namna hiyo huchukua miaka mingi na pesa nyingi. Swali letu leo ni hili: nani hulipa, na sisi tunafaidika vipi?

Tuanze na dripu. Mwaka 1832, wakati wa kipindupindu, daktari Thomas Latta wa Scotland aliwatia wagonjwa maji ya chumvi kwenye mshipa. Baadhi yao waliokuwa karibu kukata roho waliamka. Baadaye watu wakaona dripu kama uhai wenyewe.

Mwaka 1960, mwanasayansi Robert Crane alieleza kwamba ndani ya utumbo sukari na chumvi huingia mwilini zikiwa zimeshikana mikono. Alikuwa akitafuta tu kujua utumbo unavyofanya kazi. Lakini mwaka 1968, madaktari waliokuwa Dhaka walionyesha kwamba mgonjwa wa kipindupindu anaweza kunywa maji yenye sukari na chumvi, na mwili ukayapokea. Mwaka 1971, katika kambi ya wakimbizi ya Bangaon nchini India, dripu zilipungua, naye daktari Dilip Mahalanabis akawapa wagonjwa maji hayo wanywe. Maelfu walipona. Akina mama, hiyo ndiyo ORS tunayowapa kliniki. Ilitokana na mtu aliyelipwa kuuliza swali kuhusu utumbo.

Sasa tuje kwetu Afrika Mashariki. Watoto wengi hufika hospitalini wakiwa na joto kali kwa sababu ya malaria au maambukizi mengine, mikono na miguu ni baridi, wamelegea. Nchi tajiri zilikuwa zikifundisha kwamba mtoto kama huyo atiwe maji mengi kwenye mshipa kwa haraka. Hakuna aliyekuwa amepima vizuri kama jambo hilo linawafaa watoto wetu.

Kuanzia mwaka 2009, watafiti wakiongozwa na daktari Kathryn Maitland wa kituo cha utafiti cha Kilifi waliuliza swali hilo. Utafiti uliitwa FEAST. Ulifanywa katika hospitali za Kenya, Uganda na Tanzania. Watoto waliokuwa wakihara, waliokuwa na utapiamlo mkali au waliochomeka hawakuingizwa. Wote walioingia walipata matibabu ya kawaida ya ugonjwa wao, lakini wengine waliongezewa maji ya haraka na wengine hawakuongezewa.

Januari 2011 utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati. Kati ya watoto zaidi ya 3,100, waliotiwa maji ya haraka walifariki wengi zaidi. Ndani ya saa 48, walifariki kama 10 au 11 katika kila 100. Kati ya wale ambao hawakuongezewa, walifariki kama 7. Kwa hivyo tiba iliyoaminiwa ilikuwa ikiongeza vifo.

Kwa nini? Wengi walidhani maji yalijaa mapafuni au yalivimbisha ubongo. Watafiti walipochunguza tena vifo hivyo, mwaka 2013 waliandika kwamba vile vya ziada vilitokana zaidi na kushindwa kwa moyo na mzunguko wa damu. Mkono ulikuwa baridi, lakini shida ilikuwa ya mwili mzima. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mpya unaotaka uangalifu zaidi katika kuwatia watoto hawa maji ya haraka.

Nani alilipa? Pesa zilitoka kwa Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, yaani kodi ya wananchi wa huko. Fikirini, akina mama: ni biashara gani ingelipia jibu linalosema "tumia maji machache"? Maswali kama hayo yanahitaji pesa za umma. Kenya ilianzisha KEMRI mwaka 1979, na sheria yetu ya mwaka 2013 ilitaja asilimia 2 ya pato la taifa kwa ajili ya mfuko wa utafiti. Bado hatujafika hapo. Mwanasiasa akija kuomba kura hapa Kiamaiko, muulizeni kuhusu barabara na maji, lakini muulizeni na hilo pia. Anayelipia swali ndiye anayechagua swali.

Na nyumbani je? Kwanza, mtoto akihara, mpe ORS kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, pamoja na zinki, na endelea kumnyonyesha. FEAST haikubadilisha hilo. Pili, mtoto akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege, akihema kwa shida au akilegea, mkimbize hospitali mara moja. Tatu, ukiona hakuwekewa dripu, usidhani amepuuzwa. Muulize muuguzi, "Mtoto wangu anahitaji nini, na kwa nini?" Una haki ya kujibiwa. Wala usimlipe mtu wa mtaani amwekee dripu ili apate nguvu. Dripu ni dawa, na dawa isiyohitajika huweza kuua.

Mwelezeni na jirani ambaye hana redio.